Upekuzi wa ajira: wazazi wakimbizi na kesi ya zamani

Mdogo wangu wa Ulyankulu, kule makazi ya wakimbizi mkoani Tabora, nimekuelewa: fomu ya upekuzi, yaani ya kuchunguza historia yako kabla ya kuajiriwa, inakutisha kwa kuwa wazazi wako walikimbia Burundi 1972, na wewe uliwahi kulipa faini mahakamani kwa ugomvi. Usifiche hata kimoja. Uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba na kupewa, ni uraia halali, na wengi wa wakimbizi wale walianza kupewa vyeti 2014. Uongo ndio utakaokuponza. Kwangu wapekuzi walifika hadi kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kagua majina, tafadhali. Nilikwama miezi kwa herufi moja, "Yohana" kwenye cheti cha kuzaliwa, "Johana" kwenye kitambulisho, hadi wakili aliponiandalia hati ya kiapo. Tafuta pia nakala ya hukumu na risiti ya faini. Vyeti vya uraia vya wazazi visipoonekana, nenda Uhamiaji kabla hujasaini fomu.