Kuwafundisha watoto habari za Walenape: anza na walio hai leo

Kama unaishi Philadelphia, Trenton, New York au popote pale karibu na mto Delaware, ujue uko kwenye ardhi ya Walenape, wenyeji wa asili wa hapa ambao Wazungu waliwaita Delaware, na mwanao shuleni ataguswa na habari zao siku chache tu, mara nyingi mwezi wa Novemba, alafu imeisha. Mi nafundisha Kiswahili watoto wa jamii yetu siku za Jumamosi hapa Philadelphia, wengi wazazi wao ni Wakongo waliopitia kambi za Tanzania na Kenya, na habari za Walenape tunaziingiza humo humo kwenye masomo. Naandika yale niliyoona watoto wanayashika kweli.

Kubwa kuliko yote, usianze na zamani. Vitabu vingi vya watoto ni waliishi, waliwinda, walivua samaki, kila kitu kimepita, mtoto anafunga kitabu akijua hao watu walikwisha. Hawajaisha jamani! Delaware Tribe of Indians makao yao yako Bartlesville, Oklahoma, Delaware Nation wako Anadarko huko huko Oklahoma, kuna Stockbridge-Munsee kule Wisconsin, wengine wako Ontario nchini Kanada, na hapa jirani New Jersey kuna Nanticoke Lenni-Lenape pale Bridgeton. Wana viongozi wao, wana tovuti zao, wana watoto wanaoenda shule kama wa kwako.

Sisi tulitandika ramani kubwa ya Marekani sakafuni, watoto wakavuta uzi mwekundu kutoka hapa kwenda Ohio, Indiana, Missouri, Kansas mpaka Oklahoma, ambako wengi walihamia baada ya makubaliano ya 1867. Hapo maswali yakaanza kumiminika. Nani aliwafukuza, walibeba nini, bibi zao walitembea vipi. Mtoto mmoja akachukua uzi uliobaki akaomba ramani ya Afrika, anataka kuonesha njia ya kwao, Uvira kule Kongo mpaka kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Nikampa. Sikumwambia kwamba ni kitu kimoja, maana siyo kimoja, lakini toka siku hiyo yule mtoto akisikia jina Lenape anainua kichwa.

Kuhusu dhuluma, waambieni ukweli, ila wachagulie kisa wanachoweza kukipima kwa miguu yao. Mi natumia kile cha mwaka 1737. Watoto wa William Penn, Mwingereza aliyeanzisha koloni la Pennsylvania, na wakala wao James Logan walitoa hati wakasema ni ya 1686, eti wazee wa Lenape walishakubali kuuza ardhi kiasi ambacho mtu atatembea siku moja na nusu. Walenape walijua ni kutembea kwa kawaida, unapumzika, unakula, unaendelea. Kina Penn wakawa wameshafyeka njia na kukodi vijana watatu wenye mbio, wakaanzia Wrightstown, wawili wakashindwa njiani, Edward Marshall peke yake akamaliza, karibu kilomita 100, na ardhi iliyochukuliwa ikapita ekari milioni 1. Nendeni bustanini, kundi moja litembee huku linapiga stori na kula karanga, lingine likimbie kwa muda ule ule, alafu pimeni tofauti. Watoto watakasirika wenyewe bila hotuba yako. Wakiuliza kama iliishia hapo, waambie mwaka 2004 Delaware Nation walienda mahakamani kudai sehemu ya ardhi hiyo, kesi ikatupwa.

Lugha sasa. Usijaribu kuitamka mwenyewe kutoka kwenye karatasi, kuna kamusi yao kwenye intaneti yenye sauti za wazee wenyewe waliokua wakiiongea nyumbani, unabonyeza unasikia. Mzee Edward Thompson, mmoja wa wasemaji wa mwisho waliokulia kwenye lugha hiyo, alifariki 2002, kwa hiyo hizo rekodi ni mali kubwa mno. Watoto wangu wanaanza na "hè" ya kusalimia na "wanishi" ya kushukuru, tunasikiliza, tunarudia, tunasikiliza tena.

Na tafadhali, manyoya ya karatasi kichwani na rangi usoni hapana, hata mwalimu akisisitiza. Mahema ya ngozi pia siyo yao, hao walijenga nyumba za magome ya miti, mkitaka kutengeneza kitu kwa mikono tengenezeni hiyo.

Hadithi zao zisimulieni kipindi cha baridi tu, ndiyo desturi yao. Kiangazi ni shamba: mahindi, maharage na maboga pamoja, kilimo ambacho wazazi wetu wengi wanakijua tayari, kwa hiyo mwachie bibi afundishe. Panda mahindi baada ya baridi kuisha kabisa, hapa kwetu katikati ya Mei, yakifika kama nusu shubiri weka maharage yapande juu yake, maboga yafuate pembeni.