Kuitwa mdaiwa si kushtakiwa

Pole dada yangu. Umesema karatasi ya Mahakama ya Kadhi hapo Lamu imekuandika "mdaiwa", na majirani wa Langoni wanakwambia umeshtakiwa na mumeo. Hujashtakiwa. Mshtakiwa ni wa kesi ya jinai. Talaka ni kesi ya madai, haina polisi wala jela. Mumeo ametangulia kufungua kesi, basi yeye ni mdai na wewe ni mdaiwa. Ungetangulia wewe kuomba khului (mke kujivua ndoa kwa kurudisha mahari) au faskhi (kadhi kuivunja ndoa), majina yangegeuka. Hayasemi nani mkosa.

Waliooana kanisani au kwa msajili hupelekwa mahakama nyingine, chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014. Huko utasikia mwombaji na mjibu maombi.

Linaloniuma ni wanawake wetu wanaoona haya, wakaificha karatasi chini ya godoro. Tafadhali usifanye hivyo! Angalia siku ulizopewa kujibu. Zikipita, kesi yaweza kusikizwa bila wewe. Jibu kwa maandishi, kubali yaliyo kweli, kana yasiyo kweli. Kama bado unamdai mahari, au unataka matumizi ya eda, yaandike humo humo, kwani kwa hayo wewe ndiye unayedai. Chukua na cheti cha ndoa.

Usiporidhika na hukumu, rufaa huenda Mahakama Kuu. Huko utaitwa mrufani, naye mumeo mrufaniwa.