Stenti ya utumbo mpana: liacheni puto kabatini

Wadogo zetu, stenti ni bomba la wavu wa chuma tunaloweka kufungua utumbo ulioziba kwa saratani, na kosa ni lile lile, linabadilisha mikono tu: kuupanua uvimbe au stenti kwa puto. Kila kundi jipya linaloingia chumba cha endoskopi hulirudia, basi tuongee kabla hamjavaa aproni za madini ya risasi za kukinga eksirei.

1. Siti skani someni wenyewe, msisubiri ripoti. Hewa ikiwa nje ya utumbo, huyo ni wa upasuaji. Kisha ufuateni utumbo wote: saratani iliyosambaa tumboni hupenda kubana mahali pawili patatu, na stenti ya sigmoidi, kipande cha utumbo mpana kabla ya puru, haimfai mtu ambaye utumbo mwembamba nao umebanwa. Sikamu, mwanzo wa utumbo mpana, ikitanuka hadi kukaribia sentimita 12, hilo si jambo la kusubiri orodha ya kesho.

2. Enema tu. Dawa ya kuharisha ya kunywa, kwa mtu aliyeziba, ni kujaza ndoo iliyokwisha kujaa. Kufungua njia ya kamera, pulizeni kaboni dioksidi, tena kwa uchoyo.

3. Waya wa inchi 0.035, wenye ncha laini, upite kwa upole mkiutazama kwenye eksirei. Katheta, mrija mwembamba, ifuate, kisha kontrasti (dawa inayoonekana kwenye eksirei) inayoyeyuka majini, bariamu hapana. Ikichora utumbo uliotanuka juu ya uvimbe, mko ndani. Ikitapakaa bila umbo, simameni. Stenti izidi uvimbe kwa sentimita 2 au zaidi kila upande, na mkumbuke kwamba hufupika ikifunguka: uvimbe wa sentimita 5 unataka ya 9 au 10. Ile ya 6 inatosha kwenye karatasi tu. Kipenyo, milimita 24 kwenda juu. Na muulizeni sista kama tundu la kupitishia vifaa ndani ya skopu, yaani mrija wa kamera, linafika milimita 3.7 kabla pakiti haijachanwa, maana ikishachanwa bili ni ya familia.

4. Sasa puto. Skopu imegoma kupita kwenye uvimbe, mtu anasema, "Tupanue kidogo." Kidogo ya nani? Skopu haina haja ya kupita! Kinachopita ni waya na mfumo wa stenti wa Fr 10, yaani kipenyo cha milimita 3.3 hivi. Wa pili ana subira zaidi, lakini si ya kutosha: stenti imefunguka vizuri, ila katikati ina kiuno chembamba kama cha nyigu. Kinamkera. Anaomba puto alisaidie chuma.

Tusijifanye watakatifu, hata waliowatangulia mikono iliwawasha. Lakini tazameni kinachotokea. Uvimbe ni mgumu na haunyumbuki. Ukuta ulio juu yake umevimba, umekuwa mwembamba, na kinyesi kinausukuma kwa ndani. Mkipanua kwa nguvu, unachanika pale kigumu kinapokutana na chembamba. Anayehitaji tiba shufaa, ya kumpunguzia mateso, ili ale na akae na watu wake anaishia na kinyesi tumboni. Tena si lazima papasuke mbele yenu. Tundu linaweza kujitokeza siku kadhaa baadaye, nyinyi mmeshaandika "hakuna tatizo" kwenye faili.

Nitinoli, chuma cha stenti, ina kumbukumbu ya umbo lake na haihitaji msaidizi. Hujifungua polepole kwa siku mbili tatu. Kiuno cha siku ya kwanza ni cha kawaida, na upepo na choo chepesi hupita hata hivyo; wakati mwingine hupita palepale, kwa hiyo msisimame mkabala. Piga picha ya tumbo baada ya saa 24 hadi 48. Kama bado hapati choo, tafuteni sababu: kinyesi kigumu kimeziba stenti, ni fupi, au kuna mbano mwingine juu. Dawa yake ni stenti ya pili ndani ya ile, au kolostomi, yaani upasuaji wa kutolea choo kwenye ngozi ya tumbo.

5. Anayetumia bevasizumabu, dawa ya saratani inayozuia mishipa mipya ya damu, au anayepangiwa: ongeeni na daktari wa saratani kwanza. Hatari ya kutoboka hupanda.

6. Puru ya chini, ndani ya sentimita 5 kutoka mkunduni: stenti hapo huleta maumivu na hamu ya choo isiyoisha. Mwelezeni kolostomi bila aibu.

7. Stenti iliyofunikwa kwa utando huteleza, isiyofunikwa huota uvimbe ndani. Kwa kawaida chagueni ya pili.

8. Nyumbani: dawa ya kulainisha choo kila siku, maji, chakula laini. Nyuzi za maembe, nyama ya machungwa na mahindi ya kuchoma ndivyo vinavyoziba. Mwambieni na mama anayempikia, kwa sababu mgonjwa mwenyewe atakubali kila kitu, halafu mahindi atayanunua njiani.