Dada wa Mafinga, usitume hiyo hela: geuza boksi kwanza

Usitume hiyo hela. Salamu nitakupa baadaye.

Nimesoma ulichoandika jana usiku mara tatu. Uko Mafinga, una kilo 84, kazi yako ni ya kukaa, na baridi imekufikisha vikombe vinne vya kahawa kwa siku. Sukari umeacha, umehamia kwenye asali na maziwa ya unga ya kopo. Sasa amejitokeza mtu anakuuzia kahawa ya vipakiti ya "kukata tumbo", boksi shilingi 30,000, na umemwahidi utalipa Ijumaa. Unauliza kama ununue, kama asali haina neno, na kahawa ipi ya kusaga ni nzuri huku Nyanda za Juu Kusini.

Na hapo juu wadau watatu wameshakujibu kwamba kahawa haina kalori, kunywa tu dada. Maneno hayo hayo ndiyo niliyoambiwa mimi. Yalinila shilingi 1,176,000 na kuniongezea kilo tisa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, niko Vwawa. Nimezaliwa Mbozi hii hii, katika nyumba iliyozungukwa na mibuni. Mzee wangu aling'oa miti ya zamani iliyokuwa inamalizwa na ugonjwa wa chulebuni, akapanda miche ya vikonyo, yaani ya vipandikizi, kutoka kituo cha utafiti cha Mbimba, na mpaka leo anapeleka kahawa yake chama cha msingi kila msimu. Kahawa ndiyo iliyonisomesha. Lakini nyumbani tulikunywa chai. Kahawa ilikuwa ya kuuza, kama ilivyo kwa wakulima wengi huku, na hilo naliweka hapa kwa sababu linaniuma na utaliona linavyorudi.

Machi mwaka juzi, saa nne wakati wa mapumziko, aliingia mwanamama mmoja ofisi ya walimu. Koti jeupe, mizani ya kidijitali, na kifaa cha kushika kwa mikono miwili eti kinasoma mafuta ya mwilini. Alijiita mshauri wa lishe. Akatupima mmoja mmoja. Mimi nilikuwa na kilo 81. Aliangalia namba, akanyamaza, akashusha sauti kama anayeleta taarifa ya msiba: "Baba, mafuta yameshazunguka ini. Una watoto wangapi?"

Nilikuwa na watoto watatu na wa mwisho alikuwa hajaanza shule. Hapo ndipo aliponipata.

Akatoa boksi. Vipakiti 20, shilingi 28,000. Mbele kuna picha ya mwanamke mwenye kiuno chembamba, majani ya kijani na kikombe kinachofuka moshi. Akasema kahawa inachoma mafuta, kila ukinywa unapungua, ninywe vipakiti vinne kwa siku na niache sukari kabisa. Nikiona mdomo mchungu, niweke asali, kwa kuwa asali ni dawa. Nikanunua siku ileile.

Hebu nifafanue uongo huo ulivyosukwa, maana una kipande cha ukweli ndani yake na ndicho kinachonasa watu. Kahawa nyeusi tupu, kikombe kizima, ina kama kalori 2. Hilo ni kweli. Kafeini nayo kweli husukuma mwili uchome nishati kidogo zaidi kwa saa chache. Lakini kinachochomwa kwa kikombe kimoja ni kalori chache tu, na kijiko kimoja cha chakula cha asali kina kalori zipatazo 64. Kijiko hicho kimoja kinafuta faida yote na kuacha deni. Mtu anakupa ukweli wa kahawa nyeusi, halafu anakuuzia kitu kingine kabisa kilichopakwa rangi ya kahawa.

Miezi saba. Maboksi sita kila mwezi, shilingi 168,000. Nilikata chakula cha usiku ili nione matokeo haraka. Nilikula ugali mdogo, maharage, mboga, nikikataa chapati mbele ya wenzangu, wakaniona mtu mwenye msimamo. Mwezi wa kwanza nilipungua kilo moja na nusu, nikamtumia ujumbe wa shukrani, naye akausambaza kwenye kundi lake kama ushuhuda. Mwezi wa tatu nilirudi palepale. Mwezi wa tano nilianza kununua suruali mpya. Nilipomuuliza alisema mwili unatoa sumu, niongeze vifike vipakiti sita.

Septemba likaja zoezi la kupima afya za wafanyakazi. Kilo 90. Sukari ya damu kabla ya kula 6.8. Ikifika 7.0 na ikathibitishwa tena, hiyo ni kisukari. Nilikuwa nimebakiza kitu kidogo sana.

Muuguzi aliyenihudumia aliniuliza ninakula nini. Nikamtajia. Akaniuliza ninakunywa nini. Nikamwambia kahawa tu, ile ya kupunguza uzito, sukari niliacha tangu Machi.

"Kesho njoo nayo, mwalimu."

Nikaenda na boksi na chupa ya asali. Hakuangalia mbele. Aligeuza nyuma, akaniwekea kidole kwenye maandishi yale madogo, akasema, "Soma kwa sauti."

Nikasoma. Kiambato cha kwanza: sukari. Cha pili: krima ya mimea, na kwenye mabano sharubati ya glukosi na mafuta ya kiini cha mawese yaliyogandishwa. Cha tatu ndiyo kahawa ya unga. Yale majani ya kijani ya kwenye picha yalikuwa mwisho kabisa wa mstari. Sista akanieleza kwamba viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kinachotangulia ndicho kingi. Kwa hiyo nilikuwa nimenunua sukari, kisha mafuta, kisha kahawa kidogo ya kutia rangi na harufu. Kipakiti gramu 20, sukari gramu 12, kalori 88.

"Unasahihisha daftari za watoto wa watu," akasema, "hii karatasi hukuisoma miezi saba?"

Halafu akachukua glasi na kijiko cha chai na sukari ya kawaida. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4. Akahesabu vitatu kwa kipakiti, mara vipakiti vinne: vijiko 12. Akauliza asali naweka kiasi gani. Vijiko viwili vikubwa kwa siku. Akaongeza vijiko vingine vinane vya sukari, kwa sababu kijiko kikubwa cha asali kina sukari ya gramu 17 hivi. Glasi ikakaribia nusu. Akaisukuma mbele yangu juu ya meza na kuiacha pale huku akiandika kwenye kadi yangu.

Mimi niliyejisifu mbele ya ofisi nzima kwamba nimeacha sukari.

Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linashauri sukari ya kuongezwa, na asali imo ndani ya hesabu hiyo, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai, na hapo hesabu inajumuisha chai, soda, biskuti na kila kitu. Mimi nilikuwa navuka vijiko 20 kwenye kahawa peke yake, tena ya kupunguza uzito.

Nilimpigia yule mama siku hiyo. Sikumtukana. Nilimsomea viambato kimoja kimoja. Akasema mimi sina imani, kisha akanizuia kwenye simu. Nimekasirika mpaka leo na sitaki kujifanya nimesamehe. Alinitajia watoto wangu ili aniuzie sukari. Aliyesomea lishe kweli hakuuzii boksi ndani ya dakika kumi za kukufahamu, na koti jeupe linashonwa na fundi yeyote wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, kwa nusu siku.

Na wa kwako anaweza kuwa mbaya zaidi ya wa kwangu, ndiyo maana naandika kwa presha hii. Zipo kahawa za kupunguza mwili ambazo mamlaka za dawa nchi za nje zimezipima mara nyingi na kukuta ndani yake sibutramini, dawa ya kuua hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ilihusishwa na mshtuko wa moyo na kiharusi. Haiandikwi kwenye boksi. Mtu anakunywa, njaa inapotea, mdomo unakauka, moyo unakwenda mbio, hapati usingizi, naye anafurahi kwamba inafanya kazi. Ukikuta kahawa inayoua njaa siku nzima, hiyo si kahawa. Hapa kwetu usalama wa chakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, kwa hiyo mwombe muuzaji akuonyeshe usajili wake. Angalia atakavyobadilisha mada.

Kanuni yangu ni moja, nimeilipia, chukua bure: kisichopimwa kwa kijiko kisiingie kikombeni. Kipakiti hupimi wewe, amekupimia mwingine ambaye faida yake iko kwenye sukari, kwa sababu sukari ni ya bei rahisi kuliko kahawa. Asali ukiminya chupa moja kwa moja hujapima. Maziwa ukimimina mpaka rangi ikupendeze hujapima.

Kwa hiyo asali yako: ni sukari. Nzuri, tamu, ya misitu ya huko kwenu, lakini mwili unaihesabu kama sukari. Na hilo kopo la maziwa ya unga, nenda kaligeuze sasa hivi. Kama limeandikwa maziwa, kijiko kikubwa kilichojaa kina kalori 40 hadi 50, unaweza kupanga. Kama limeandikwa krima, hayo si maziwa hata kidogo, ni ile sharubati na mafuta niliyoisoma mimi kwa sauti. Makopo hayo yanakaa rafu moja dukani na yanafanana. Maziwa halisi ya ng'ombe, vijiko vitatu vikubwa, ni kalori chini ya 30. Kikombe kizima cha maziwa kilichotiwa kahawa kinafika 150, mara nne kwa siku tayari ni mlo.

Sasa raha, maana najua utaniambia kahawa tupu ni chungu. Ile ya vipakiti na ya makopo iliyoungua ndiyo chungu. Wikiendi iliyofuata baada ya kliniki nilikwenda nyumbani, nikamwomba mzee kilo mbili za buni iliyokobolewa. Akacheka sana. Akasema miaka arobaini analima, ni mara ya kwanza mtoto wake anaomba kahawa ya kunywa. Mama akanionyesha kukaanga kwenye sufuria pana kwa moto wa wastani, unakoroga bila kuacha, mpaka buni ianze kupasuka kama bisi. Ikishatulia kidogo unaiepua, unaimwaga kwenye ungo na kupepeta ipoe haraka. Usingoje iwe nyeusi na kutoa mafuta. Ukiiunguza hivyo ndipo uchungu unapokuja na kukulazimisha utafute sukari. Ya Mbozi ikikaangwa kahawia ina ukakasi mzuri, kama wa tunda, na utamu unaobaki nyuma ya ulimi. Nililia kidogo siku ile, mwanamume mzima jikoni kwa mama yake. Miezi saba nimelipa mgeni shilingi 168,000 kwa mwezi na gunia lilikuwa stoo.

Saga ya kutosha siku mbili tatu tu. Gramu 12, kama vijiko viwili vikubwa, kwa kikombe cha mililita 200. Wa Dar wanaambiwa waache maji yapoe kwanza. Sisi wa huku juu hatuna haja: Mbeya mjini, mita kama 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na hapo ndipo kahawa inapopataka. Mimina yakichemka, acha dakika nne, chuja. Mimi natumia karatasi za kuchujia, kwa sababu kahawa isiyochujwa kwa karatasi hubaki na mafuta yake yanayopandisha kolesteroli, na umri wangu hauniruhusu kuchezea hilo.

Sukari usiikate siku moja kama nilivyofanya mimi, ukishindwa utaangukia kwenye asali. Mimi nilianza na vijiko viwili vya chai kwa kikombe, vilivyosawazishwa kwa kisu. Kila wiki mbili nikapunguza nusu kijiko. Baada ya miezi miwili nilikuwa sina kitu kikombeni zaidi ya kahawa, na siku niliyoonja ya mwenzangu yenye sukari nilishindwa kuimeza. Vikombe vitatu kwa siku, furaha ileile, kalori hazifiki 10. Leo nina kilo 82 na sukari yangu mara ya mwisho ilisoma 5.4. Sikukimbia mlima wowote.

Leo ni Jumatano. Mwandikie huyo mtu sasa, mwambie akupigie picha ya nyuma ya boksi, sehemu ya viambato, siyo ya mbele yenye kiuno. Akileta, iweke hapa, nitakuhesabia vijiko mimi mwenyewe usiku huu. Habari za Mafinga, dada.