Kondomu kupasuka: mchawi wenu ni Vaseline

Ndugu, umeuliza kwa nini kondomu zinawapasukia wewe na mkeo mkifanya kwa nyuma, na kwa nini anaumia ilhali mnapaka Vaseline. Hiyo Vaseline ndiyo mchawi. Mafuta yoyote, hata ya nazi, hudhoofisha lateksi, yaani mpira wa kondomu, ndani ya dakika chache. Nunua kilainishi cha maji au cha silikoni, na msikifanyie ubahili: njia ya haja kubwa haitoi ute kama uke. Cha maji hukauka, kwa hiyo ongezeni mara mnapohisi msuguano. Mate hayatoshi kabisa.

Maumivu ni habari nyingine. Pale kuna misuli miwili ya duara. Wa nje anaulegeza mwenyewe akitaka. Wa ndani hautii amri, husubiriwa. Anzeni na kidole kimoja chenye kilainishi, kucha fupi, mtulie hadi mkazo uishe. Yeye ndiye aongoze mwendo, na akisema basi, ni basi. Dawa ya ganzi msiguse, inaficha michubuko. Msihamie ukeni bila kubadilisha kondomu. Ikipasuka na hamjapima VVU, wahini kituo cha afya mkaulizie PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya kuwa hatarini: huanzwa ndani ya saa 72, humezwa siku 28.