Rekodi mbili za Gould, utunzi mmoja wa Bach: namba ipi ni ya nini?

Swali: Natunza maktaba ya muziki ya kituo cha redio. Tuna Goldberg Variations za Bach zilizopigwa na mpiga piano Glenn Gould mara mbili, 1955 na 1981, na programu yetu inazichanganya. Je, hakuna namba moja ya kuzitambulisha? Na mbona CD moja ina ISRC chungu nzima?

Jibu: Ndugu msomaji, ISRC ni namba ya rekodi, yaani sauti iliyonaswa. ISWC ni ya utunzi wenyewe, awe ameupiga nani. Aria, yaani kipande cha kufungulia, katika rekodi ya 1955 haifiki dakika 2. Ile ya 1981 inapita dakika 3. Noti ni zilezile, lakini rekodi ni mbili, kwa hiyo ISRC lazima zitofautiane. Tena, kazi hii ina Aria, vipande 30 vinavyoifuata, kisha Aria inarudiwa. CD iliyogawanywa hivyo ina ISRC 32, moja kwa kila kipande. Albamu nzima haina ISRC. Inatambuliwa kwa namba iliyo chini ya mistari myeusi nyuma ya kasha.

ISRC ina herufi na tarakimu 12: 5 za mwanzo zinamtambulisha aliyeitoa, 2 ni za mwaka, 5 za mwisho ni za mfululizo. Hapo kwenye mwaka ndipo wengi wanapopotea. Kanuni ya sasa inataka mwaka namba ilipotolewa, ila lebo (kampuni za kurekodi) nyingine ziliandika mwaka wa kurekodi kwa rekodi zao za zamani. Mfumo wenyewe ulianza 1986, Gould akiwa ameshafariki. Kwa hiyo usipange maktaba kwa tarakimu hizo. Mwaka wa kurekodi uandike kwenye safu yake. Lebo ikiuzwa, ISRC haibadiliki.

ISWC huanza na T, zikafuata tarakimu 9 na moja ya ukaguzi. Chukua T-034.524.680-1. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, hivyo hivyo hadi ya tisa, jumlisha, kisha ongeza 1: unapata 179. Ili kufika 180, namba inayofuata inayogawanyika kwa 10, imebaki 1, na ndiyo tarakimu ya mwisho. Aliyekosea kunakili tarakimu moja mara nyingi atanaswa hapa.

Sasa ugumu wa muziki wa kale. ISWC imejengwa kwa ajili ya mirabaha ya watunzi, na Bach alifariki 1750. Hakuna anayemdai mtu chochote kwa noti zake. Wanaosajili kwa bidii ni wapangaji wa muziki, yaani wanaoandika upya utunzi kwa ala nyingine. Dmitry Sitkovetsky aliupanga utunzi huu kwa fidla, viola na chelo, na mpangilio wa namna hiyo unastahili ISWC yake, tofauti na ya kazi asilia. Ukitafuta kwa jina tu, utakuta namba kadhaa na ni rahisi kubandika ya mpangaji kwenye piano ya Gould. Fedha zikigawanywa kwa ripoti yenu, zitakwenda kwa asiyehusika.

Mimi ningetumia BWV 988, namba ya kazi hii katika orodha ya Wolfgang Schmieder, kuwa ndiyo kiungo cha rekodi zote mbili, nikaongeza namba ya kipande. ISRC ibaki kwenye kila rekodi, na ISWC uijaze pale tu mpangilio unapolingana na unachokisikia.