Wasomaji Wanauliza: Kadi ya Kazini Inajua Nini Kukuhusu?

SWALI: Ninafanya kazi katika ghala moja kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Zamani tulisaini daftari kwa mlinzi getini. Sasa kila mfanyakazi, hata kibarua wa kutwa, amepewa kadi ya kuvaa shingoni, na juu ya milango ya ghala, ya kantini na ya korido ya vyooni vimefungwa visanduku vyeupe. Tuliambiwa ni kwa ajili ya usalama wa mali, lakini wiki iliyopita msimamizi alisoma mbele ya zamu nzima dakika ambazo kila mmoja alitumia upande wa vyooni. Wenzangu wameanza kufunga kadi zao kwa karatasi ya foili. Je, kadi hii inatuona mpaka nyumbani? Na mwajiri anaruhusiwa kufanya hivi?
Msomaji, Vingunguti

JIBU: Ndugu msomaji, nyumbani haikuoni. Kwa maelezo yako, hiyo ni kadi ya mawimbi ya redio isiyo na betri, yenye chipu ndogo kuliko punje ya mchele na antena nyembamba iliyofichwa ndani ya plastiki. Kisanduku cheupe kilicho juu ya mlango ndicho kisomaji: hurusha mawimbi, antena ya kadi huvuna nguvu kidogo kutoka katika mawimbi hayo, chipu huamka, hutaja namba yake, kisha hunyamaza. Kadi nyingi za kufungulia milango, zinazotumia masafa ya megahezi 13.56, husomwa kwa umbali wa sentimita chache. Zile za megahezi 860 hadi 960 husomwa kutoka mita kadhaa, na bila shaka zenu ni za kundi hili, kwa kuwa hamtakiwi kuzigusisha popote. Ukishapanda daladala, hakuna kisomaji cha kuiamsha. Vipo pia vitambulishi vyenye betri, kama vile vinavyotumika katika baadhi ya migodi ya chini ya ardhi ili ijulikane nani yuko upande gani ajali ikitokea. Hivyo hujitangaza vyenyewe na huweza kusikika hata mita 100, lakini navyo huhitaji kisomaji cha kuvisikiliza.

Kwa hiyo mfumo wenu haujui ulipo. Unajua tu kwamba kadi yenye namba fulani ilipita chini ya mlango fulani saa fulani, na yanayobaki ni makisio ya anayeisoma orodha. Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji hufyonza mawimbi ya masafa hayo, hivyo mtu aliyeibana kadi kwa mkono au aliyekumbatia mzigo kifuani anaweza kupita bila kusomwa. Akisomwa akiingia na asisomwe akitoka, kompyuta itamwandikia dakika 40 za chooni ilhali yeye anapakia mifuko kwenye fuso. Kadi pia inaweza kubebwa na mwenzako. Rekodi ya namna hiyo ni dokezo tu, na kumhukumu mtu kwayo bila kumsikiliza, tena mbele ya zamu nzima, kwa maoni yangu ni uonevu.

Upande wa sheria, namba ya kadi ikishaunganishwa na jina lako, nyendo zako huwa taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa madhumuni halali yaliyo wazi, mhusika aelezwe madhumuni hayo, zisizidi kinachohitajika, wala zisitunzwe kupita muda unaohitajika. Mwajiri ana haki ya kulinda mali ghalani; ila kuigeuza kadi ya usalama kuwa saa ya chooni ni dhumuni jingine, na hilo hamkuelezwa. Si jambo geni: mwaka 2005 taasisi ya utafiti ya RAND ya Marekani ilichunguza kampuni sita zilizotumia kadi za milango, ikaona kwamba rekodi zilitumika kwa mambo zaidi ya kufungulia milango na kwamba wafanyakazi hawakuelezwa taratibu zilizokuwa zikifuatwa.

Andikeni barua, ikiwezekana kupitia tawi la chama chenu cha wafanyakazi, mkiuliza kinachorekodiwa ni nini, nani anakiona, kinatunzwa kwa muda gani na kama kinatumika katika nidhamu. Msipojibiwa, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko. Anayefukuzwa kazi kwa sababu ya rekodi hizo apeleke shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Foili kweli huzuia mawimbi, lakini iacheni, kwa sababu inampa mwajiri kosa la wazi la kuwashitakia.

SWALI: Nimesikia kwamba huko ng'ambo wafanyakazi wanalazimishwa kuwekewa chipu chini ya ngozi. Ni kweli?
Msomaji, Tandika

JIBU: Kulazimishwa, hapana. Mwaka 2017 kampuni ya Three Square Market ya jimbo la Wisconsin, Marekani, iliwawekea chipu mkononi wafanyakazi waliojitolea. Jimbo hilohilo lilikwisha kupiga marufuku kulazimisha mtu tangu 2006.

SWALI: Ninakodisha vifaa vya ujenzi: mabomba ya jukwaa, mikseta za zege, vaibreta na jenereta. Vinapotea. Nikivibandika lebo za redio, nitavipata?
Mwenye karakana, Mbagala

JIBU: Lebo haimkimbizi mwizi. Itakusaidia kujua, pale getini kwako, kipi kimetoka, kimetoka na nani na kipi hakijarudi, jambo ambalo ni kubwa kwa anayetegemea daftari. Lebo ya kawaida ya karatasi huuzwa kwa senti chache za dola, lakini ukiibandika juu ya chuma haisomeki, kwa kuwa chuma huvuruga antena yake. Utahitaji zile zilizotengenezwa kwa ajili ya chuma, ambazo ni ghali zaidi. Mabomba yaliyorundikwa kwenye gari hukingana mawimbi, hivyo hayo endelea kuyahesabu kwa mkono, na lebo ziweke kwenye jenereta, vaibreta na mikseta, mahali pasipomwagikiwa na zege.

Kabla ya kuagiza kisomaji, uliza Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kuhusu masafa yanayoruhusiwa. Vya Ulaya hutumia megahezi 865 hadi 868, vya Marekani 902 hadi 928, na haya ya pili huingiliana na masafa ambayo simu zetu za mkononi hutumia kuwasiliana na minara. Tena usilipe kwa kuangalia picha: mwambie muuzaji alete kisomaji cha mkononi na lebo chache, azifunge kwenye mikseta yako yenye zege lililoganda, uwanjani kwako, mzisome mkiwa wote wawili.